Chai Haikumwagika

Julai ya 2019 ilikuwa na ile baridi ya Nairobi ya mawingu kulala juu ya mabati tangu alfajiri na kukataa kuondoka hadi saa nane. Nilikuwa mezani kwangu usiku, shuka mabegani, nikisahihisha insha za Kidato cha Pili. Madaftari hamsini na manne. Swali nililowapa ni la aina ambayo kila mwalimu wa Kiswahili nchini amewahi kuitoa: andika insha itakayoanza kwa maneno "Mlango uligongwa kwa kishindo."

Mwenye kusahihisha insha hajiulizi kitakachofuata. Malaika yatasimama. Moyo utadunda dududu mithili ya ngoma. Mtu atashtuka ghaya ya kushtuka, atatetemeka kama unyasi, kijasho chembamba kitamtiririka, kisha mlango utafunguliwa na atakuwa ni mjomba aliyerudi kutoka Marekani na masanduku ya zawadi. Siwalaumu watoto. Sisi walimu ndio tuliowaandikia vifungu hivyo ubaoni, tukawaambia wavikariri kwa kuwa vina alama ndani yake. Tumewapa woga wa kununua dukani, umefungwa tayari.

Daftari la thelathini na kitu lilikuwa la msichana aliyekuwa akikaa karibu na dirisha, mkimya, mwenye mwandiko mdogo ulioinamia kushoto. Insha yake haikufika hata ukurasa mmoja. Ilianza hivi:

"Mlango uligongwa kwa kishindo. Mama alinywea, kikombe mkononi. Chai haikumwagika."

Nikapiga mstari mwekundu chini ya "alinywea". Pambizoni nikaandika: "Alinywea nini? Shamirisho liko wapi?" Mwishoni nikampa alama saba kwa ishirini na maelezo kwamba insha ni fupi mno na haina tamathali. Nikachukua daftari lililofuata.

Neno kunywea nalijua. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nimelisoma katika riwaya mara nyingi, nimewahi hata kulifundisha. Lakini usiku ule macho yaliona kikombe, yakaona chai, yakakimbilia kunywa, ile kauli ya kutendea tunayoitumia tukisema "kikombe cha kunywea uji". Kikombe kilinificha mama.

Asubuhi yake, katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja mwenye umri wa mama yangu, mzaliwa wa Mombasa, alikuwa ameketi karibu nami akisubiri maji yachemke. Aliliona daftari likiwa wazi. Akasoma, akanyamaza, akalivuta karibu akasoma tena.

"Mwanangu," akasema, "hapa hapana kosa."

Nikaanza kumweleza habari za shamirisho. Akanikatiza kwa upole.

"Mtu akinywea humuulizi kanywa nini. Wamuuliza nani kamtisha."

Kisha akaweka kidole chini ya sentensi ya tatu, ile ambayo mimi nilikuwa nimeipita kama mtu anayepita kituo asichoshukia. Chai haikumwagika. "Na huyu mama," akasema, "hii si mara yake ya kwanza."

Nimekaa na sentensi hiyo miaka kadhaa sasa, na kadiri ninavyokaa nayo ndivyo ninavyoona mtoto wa miaka kumi na mitano alivyokuwa mbele yetu sote. Mtu akishtuka, chai humwagika. Kushtuka ni kwa jambo usilolitarajia: mwili unaruka kabla akili haijaulizwa, mkono unatupa ulichoshika, na dakika moja baadaye unacheka ukigundua kumbe ni paka. Ndiyo maana hapa mjini vijana wakitaka kumwambia mwenzao afumbue macho, aache kudanganywa, humwambia "shtuka!" Kushtuka ni kuamka. Tunasema pia "nilishtukia kumekucha". Ndani ya neno hili mna kitu kipya kinachofika kwa ghafla.

Kunywea hakuna ghafla. Anayenywea analijua linalokuja, analijua hata linavyotembea, ameshahesabu hatua zake kwenye ngazi. Haruki, maana kuruka kunaonekana. Anapungua. Kitenzi hikihiki husemwa juu ya mtu aliyekonda kwa maradhi au kwa dhiki, na kwa hofu kazi yake ni ileile, ila inafanyika kwa sekunde mbili: mtu anakuwa mdogo kuliko alivyokuwa alipokuwa peke yake. Sidai kwamba kunywea huku na kunywa maji ni ndugu wa damu. Hiyo ni kazi ya wanaochimba asili za maneno. Lakini sauti zimekutana, na mimi siwezi tena kusikia "akanywea" bila kumwona mtu ambaye kitu fulani kimemnywa, akabaki kikombe.

Kiswahili kimeugawa woga wa mwili kwa namna hii, kila kiungo na kitenzi chake, na sisi katika madarasa tunaukusanya wote ndani ya "kuogopa sana". Kuna kugutuka, ambako kwangu mimi ni kwa mtu aliyetolewa usingizini. Kuna kugwaya, neno ambalo siku hizi nalikuta zaidi kwa washairi, woga unaotetemesha na usioisha upesi. Kuna kupigwa na butwaa, mwili ukagoma kabisa. Na kuna kujikunyata, ambako kamusi zinaweka hofu na baridi mlango mmoja, kwa kuwa mwili unafanya jambo lilelile: magoti yanapanda, mikono inakumbatia kifua, mgongo unageuka kuwa ukuta. Tazama watu kituoni saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, wakingoja matatu za kwanza kwenda mjini, kisha uniambie kama unaweza kujua kwa mbali ni nani anayeona baridi na ni nani anayemwogopa mtu aliyesimama nyuma yake. Hata Sheng yetu imeliona hilo bila kufundishwa na yeyote. Aliyepoteza ujasiri, tunasema "ameingiza baridi".

Nataka nikae kidogo kwenye kujikunyata, kwa sababu ya shangazi yangu.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi, shangazi alikuwa kazini, karani katika ofisi moja kando ya barabara ya Haile Selassie. Kilichotokea kinajulikana: ubalozi wa Marekani ulilipuliwa, jengo jirani la Ufundi likaporomoka, na watu 213 wakafa hapa Nairobi. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba kabla ya mlipuko ule mkubwa ulisikika mdogo, pamoja na milio ya risasi. Watu wengi katika majengo ya karibu walifanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya. Walikwenda madirishani kutazama. Mlipuko wa pili ukawakuta hapo, nyuso kwenye vioo, na ndiyo sababu mamia waliumia macho siku ile na wengine wakayapoteza kabisa.

Shangazi hakwenda dirishani. Aliposikia ule wa kwanza, miguu ilimwisha nguvu, akashuka chini ya meza akajikunyata, mikono juu ya kichwa. Mwenzake mmoja alimwita, "Njoo uone!" Ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kabla dari halijashuka. Alitoka na mkwaruzo wa shingo. Aliyemwita alitoka na jicho moja.

Tuna methali tunayowafundisha watoto: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Shangazi hakuipenda hata siku moja. Kwake hakikwenda kicheko. Kwa miaka mingi hakuweza kusimulia alikuwa wapi, maana kila aliposema "nilijificha chini ya meza" alijisikia kama mtu anayekiri wizi. Na mpaka leo matatu ikitoa mlio wa moshi, ule kama bunduki, hushika ukuta. Kwa hilo tuna methali nyingine, na hii naona aliyeitunga alikuwa mwenye huruma: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuuona ung'ongo. Ni ule utepe wa ukindu unaosukiwa mikeka na makawa huko pwani, mwembamba, mrefu, ukidondoka sakafuni hujikunja. Methali haisemi kwamba anayeshtukia utepe ni mjinga. Inaanza na kuumwa kwake.

Mwaka huohuo wa 2019 tuliwapeleka wanafunzi Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill, na kama kawaida walikimbilia kwenye nyoka kwanza. Kulikuwa na bafe, yule wengine humwita moma, mnene, amelala kama gunzi lililosahauliwa. Wavulana walibandika pua kwenye kioo wakimtania. Nikawasimulia habari ya Charles Darwin, ambaye alifanya jambo hilohilo katika bustani ya wanyama ya London na kulieleza katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1872. Aliuweka uso karibu na kioo kinene mbele ya bafe, akiwa ameapa moyoni kwamba nyoka akirusha kichwa hatarudi nyuma. Alijua kioo hakiwezi kupasuka. Bafe aliporusha kichwa, Darwin alijikuta amesharuka yadi moja au mbili kinyumenyume. Akaandika kwamba utashi na akili yake havikuwa na nguvu mbele ya kuiwaza hatari ambayo hajawahi kuipata maishani.

Wavulana walicheka. Yule msichana wa dirishani hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, akaniuliza, "Na kama angekuwa ameshaumwa, Mwalimu, angeruka?"

Sikumjibu. Nilijua anamuulizia nani.

Maana wakati huo nilikuwa nimeshamwita, mimi pamoja na mwalimu wa ushauri nasaha, na alikuwa amesema kidogo, halafu zaidi kidogo. Ninayaandika haya kwa ruhusa yake. Amekwisha kumaliza shule na ameyasoma kabla yenu. Mengine si yangu kuyasema. Nitasema tu kwamba mama yake alikuja shuleni mwezi uliofuata.

Tulikaa watatu katika ofisi ndogo ya ushauri. Mama alikuwa mwenye heshima nyingi, amevaa sweta la buluu lililofungwa vifungo vyote, mkoba magotini. Alikuwa akieleza habari za karo kwa sauti ya kawaida kabisa. Upepo ukaupiga mlango wa chuma wa korido, ukajifunga kwa kishindo.

Mimi niliruka. Kalamu ilinitoka mkononi. Mwalimu wa ushauri alisema "Eh!" akashika kifua. Mama hakuruka. Kidevu kilishuka kama upana wa kidole. Mabega yakaingia ndani ya sweta. Vidole vilivyokuwa vimelala juu ya mkoba vikajifunga kimoja baada ya kingine, kidole cha mwisho kikiwa kidogo, na sauti ikaendelea na sentensi ileile ya karo bila kukatika, ila sasa ilibidi niiname ili niisikie. Nilikuwa nimekifundisha kitenzi hicho kwa miaka, na hiyo ndiyo siku niliyokiona.

Mwalimu wa ushauri alimwandikia kwenye kikaratasi namba 1195, simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, akamweleza kwamba simu hiyo haitozwi, na kwamba tangu 2015 kuna sheria inayomwezesha mtu kuomba amri ya mahakama ya kumlinda ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mama alikikunja kikaratasi mara nne, akakitia ndani ya soksi. Ndani ya soksi, si ndani ya mkoba. Mkoba hukaguliwa.

Nimeona watu wenye maneno mazuri wakimhukumu mama kama huyu kwa neno moja: ameufyata. Na hapa ndipo panaponikera, kwa kuwa tumelifanya neno hili kuwa fimbo. Kurasa za michezo zinalipenda: timu ikipigwa mabao matatu imefyata mkia. Mwanasiasa akinyamaza wiki mbili, amefyata. Mke asipoondoka, ameufyata. Yule "u" wa katikati ni kiambishi kinachosimama badala ya mkia ambao hakuna mwenye haja ya kuutaja. Au ni cha ulimi, maana tunasema pia kufyata ulimi, na kisarufi vyote viwili vinachukua "u". Anayeambiwa "ufyate!" anaamrishwa mkia na ulimi kwa pigo moja.

Neno lenyewe limetoka kwa mnyama, na ni haki kumtazama mnyama. Katika mtaa wetu kuna mbwa wa kahawia asiye na mwenyewe, anayelala karibu na jiko la muuza mutura. Mlinzi wa lango akipita na rungu, mbwa huyo hulaza masikio, mgongo unashuka, mkia unapita katikati ya miguu mpaka unagusa tumbo. Lakini hauondoki mahali pake, na yeye pia haondoki. Ukimtazama kwa karibu utaona kwamba mkia ule haukulegea. Umebanwa. Mapaja yanatetemeka kwa nguvu ya kuubana. Kufyata, kwa maana yake ya kwanza, ni huko: kubana kitu katikati, kukishikilia kisitoke.

Nilipofika muhula wa tatu, mada ilikuwa kauli ya kutendua. Nikachora safu mbili ubaoni. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Kisha nikaandika fyata, nikawauliza.

Kimya. Halafu mvulana mmoja akasema kwa sauti ya kubahatisha, "Fyatua?"

Darasa likageuka. Hawakuwa wamewahi kuyaweka maneno hayo mawili pamoja, na nakiri nilianza kufundisha bila mimi mwenyewe kuwa nimeyaweka. Kufyatua risasi. Kufyatua mtego. Nikawasimulia jinsi babu yangu, kule Bungoma, alivyokuwa akifyatua matofali. Udongo ulikanyagwa kwa miguu mpaka ukawa kama unga wa chapati. Kalibu ya mbao ilichovywa majini ili udongo usiigande. Babu alilitupa bonge ndani kwa nguvu, akalishindilia kwa ngumi hasa pembeni, akakata juu kwa waya, kisha akaigeuza kalibu chini juu na kuinyanyua kwa mkono mmoja, taratibu, na tofali likabaki chini, limesimama lenyewe, na alama za vidole vyake upande mmoja. Nilipokuwa mdogo nilidhani jina la kazi ile limetokana na mlio wa tofali linapotoka. Kumbe ni kinyume cha kufyata. Kilichobanwa kimeachiliwa, na kimetoka na umbo.

Wanafunzi walifurahi. Wakaanza kutafuta vitenzi vyao wenyewe, wakanirushia kila walichokifikiria: choma, chomoa; pakia, pakua; hata lala, jambo lililotupotezea dakika tano. Msichana wa dirishani aliinua mkono.

"Mwalimu, na kunywea?"

Nilifikiri. Nilitamani kuwe na neno. Nilijaribu kimoyomoyo njia zote ninazozijua, nikipachika "u" hapa na pale, na hakuna kilichotoka ambacho Mswahili yeyote angekitambua. Mwenzangu wa Mombasa, nilipomuuliza baadaye, naye alitikisa kichwa.

"Hakina," nikamwambia. "Si kila kitenzi kina kutendua."

Akaitikia kwa kichwa, akainama kwenye daftari. Nilipopita kati ya madawati kukagua kazi, nilikuta ameandika "nywea" kwenye safu ya kushoto, chini ya "fyata", kwa ule mwandiko wake mdogo. Kwenye safu ya kulia alikuwa amechora mstari kwa rula, mrefu wa kutosha neno zima, akauacha wazi.